Januari linakauka, Julai linaoza: maswali yenu kuhusu kangaga

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu kangaga, hasa lile la kuning'inia lenye majani marefu yaliyopangwa vijani pande zote mbili, ambalo wauza miche wa Ngong Road na Limuru Road huliita feni ya Boston. Yaliyofanana tumeyaunganisha. Swali la kwanza na la pili tumeyapa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu makangaga mengi ya Nairobi hufa kwa mojawapo ya njia hizo mbili, na zote mbili zinazuilika.

SWALI: Nilinunua kangaga mwezi wa Novemba likiwa limejaa chungu, majani yananing'inia karibu nusu mita. Kufikia Februari vijani vimepukutika na vikonyo vimebaki vitupu. Nikiligusa tu, sakafu inajaa makapi ya kahawia. Liko kwenye roshani inayotazama kusini, ghorofa ya saba, na ninalimwagilia kila Jumamosi bila kukosa. Nimekosea wapi? (Dada wa Kilimani)

JIBU: Dada, ratiba ya Jumamosi ndiyo iliyoliponza, na upande wa roshani ukamalizia.

Tuanze na jua. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi hupita upande wa kusini. Miezi iliyobaki hupita kaskazini. Roshani yako basi hupigwa na jua Januari na Februari, wakati anga ni jeupe, mvua hakuna, na upepo wa ghorofa ya saba hauna cha kuuzuia. Roshani ya kaskazini hupata jua lake kati ya Aprili na Agosti, kipindi cha masika na mawingu ya baridi, ndiyo maana kangaga huvumilia zaidi huko. Yale maelezo ya Ulaya na Marekani yanayosema dirisha la kaskazini halipati jua hayatufai kabisa; huku kila dirisha lina miezi yake. Upande wa mashariki ni mzuri, maana jua la asubuhi hadi saa tatu halidhuru. Magharibi ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa jua la alasiri hulikuta kangaga wakati hewa tayari imepata joto na kukauka.

Kupima mwanga hakuhitaji kifaa. Saa nne asubuhi, na tena saa tisa alasiri, nyosha mkono sentimita 30 juu ya majani. Kivuli chenye kingo kali maana yake jua limezidi: rudisha chungu ndani kidogo au tundika pazia jepesi. Kivuli hafifu ambacho kingo zake hazionekani vizuri ndicho unachokitaka. Usipoona kivuli kabisa, mwanga hautoshi, na majani mapya yatatoka machache, marefu na malegevu.

Sasa maji. Kangaga lina mizizi myembamba inayokaa karibu na juu ya udongo, na majani yake hupoteza maji haraka. Udongo ukikauka kabisa hata mara moja, mmea hujiokoa kwa kuangusha vijani: kila kimoja kimeshikwa na kiungo chake pale kwenye kikonyo, na kiungo hicho huachia. Kilichoanguka hakioti tena mahali pale. Chungu cha sentimita 20 kinachoning'inia kwenye upepo mwezi wa Januari kinaweza kuhitaji maji kila baada ya siku mbili, pengine kila siku. Usifuate kalenda. Tia kidole hadi pingili ya kwanza. Ukisikia ukavu, mwagilia polepole mpaka maji yatoke kwa chini. Mtu akishazoea uzito wa chungu chake, kukiinua tu kunamwambia.

Jihadhari na kitu kimoja: mchanganyiko wenye vumbi la makumbi ya nazi ukikauka sana hukataa maji. Unamwaga, yanapita pembeni na kutoka chini upesi, unafikiri umemwagilia kumbe katikati pakavu. Hapo zamisha chungu kizima kwenye ndoo hadi maji yafike ukingoni, kiache dakika 20 hadi 30 mpaka mapovu yaishe, kisha kitundike kichuruzike.

Chupa ya kunyunyizia ambayo wengi wanaitegemea kuongeza unyevu wa hewa haisaidii sana. Unyevu wake huisha katika dakika chache. Linalosaidia ni kupanga mimea mitatu au minne karibu karibu mbali na upepo, au kuweka chungu juu ya trei pana ya kokoto yenye maji, mradi maji yasifike kwenye kitako cha chungu. Bafu lenye dirisha ni makao mazuri kuliko yote.

Na la kwako bado linaweza kupona. Kata vikonyo vyote vitupu karibu kabisa na udongo, acha majani ambayo angalau nusu yake ni ya kijani. Kama yote yamekauka, kata mmea mzima ubakie sentimita 5. Kisha bonyeza kitovu, yaani shina fupi la katikati: kikiwa kigumu na ndani kina ubichi, mmea uko hai. Liweke kivulini, udongo uwe na unyevunyevu bila kuloa, na usiweke mbolea mpaka machipukizi yaliyojikunja yafunguke na kufika kama sentimita 10. Mbolea kwenye mizizi iliyochoka huiunguza.

SWALI: La kwangu lilipita Januari salama. Sasa ni Julai, majani ya ndani yamekuwa ya njano, kitovu ni cheusi na laini, na chungu kinanuka. Ninamwagilia kila baada ya siku mbili kama nilivyoshauriwa kule nilikolinunua. (Msomaji wa Ruaka)

JIBU: Ushauri huo ulikuwa sahihi Januari, lakini Julai unaua. Usiku wa Julai hapa Nairobi baridi hushuka hadi karibu nyuzi 11 au 12, na jua linaweza kujificha siku kadhaa mfululizo. Mmea karibu unasimama kukua, haunywi, na maji uliyotia Jumatatu bado yapo Ijumaa. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ikikosa hewa inakufa, na ukungu unaoishi udongoni unamalizia kazi. Wengi wakiona majani yamelegea huongeza maji, na hapo ndipo mmea unapotea.

Toa kangaga kwenye chungu leo. Usihukumu mizizi kwa rangi, maana mizizi mizima ya kangaga ni ya kahawia iliyokolea, wakati mwingine karibu nyeusi, na ni ncha tu ndizo nyeupe. Ivute kidogo kwa vidole. Mzizi mzima hukaza. Ule uliooza ngozi yake huteleza na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliopanguswa spiriti, kata na sehemu za kitovu zilizo laini, kisha panda kilichobaki kwenye chungu kidogo kuliko cha awali, kinachozidi mizizi kwa sentimita 2 hadi 3 tu kila upande. Chungu kikubwa hubeba udongo mwingi usio na mizizi ya kunywa maji, na kitaloa tena.

Kwa mchanganyiko wa lita 10, chukua lita 5 za vumbi la makumbi, lita 3 za mboji iliyooza sawasawa hadi haina harufu, na lita 2 za pamisi, yale mawe mepesi ya volkeno yanayotoka Bonde la Ufa, yaliyovunjwa kufikia ukubwa wa punje ya mahindi. Vumbi la makumbi huwa na chumvi: liloweke usiku kucha, limwage maji, urudie mara ya pili kabla ya kulitumia. Mboji imwagie maji yanayochemka na uiache ipoe. Hii hupunguza mayai ya vile vijiinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya vyungu.

Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi na Athi River usiutie hata kidogo. Ukiloa unavimba na kufunga njia za hewa, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Udongo mwekundu wa upande wa Kiambu unaweza kuwa sehemu moja ya tano kama huna kingine. Na udongo wa msituni, ambao wengine huja kuuza mlangoni kwa magunia, tuuache msituni. Kuuchimba bila kibali ni kosa kisheria, na ndio unaotunza miche ya miti michanga pale chini.

Juni hadi Agosti mwagilia pale tu kidole kinaposikia ukavu, mara nyingi kila siku tano hadi saba. Asubuhi, si jioni. Kama chungu kimo ndani ya chungu kingine cha urembo, kagua chini: mara nyingi kuna maji ya wiki nzima yamejificha humo.

SWALI: Ncha za majani zimekauka ingawa udongo hauna shida, na pembeni ya chungu cha udongo wa kuchoma pametokea unga mweupe. Mtaani kwetu tunatumia maji ya kisima kirefu. (Baba wa watoto watatu, Syokimau)

JIBU: Unga huo ni chumvi. Visima vingi virefu vya Nairobi na viunga vyake hutoa maji kwenye miamba ya volkeno, na maji hayo mara nyingi yana sodiamu na floridi nyingi. Mmea hunywa maji, chumvi inabaki, inaongezeka kila mwagilio hadi inaunguza ncha za mizizi, na jeraha linaonekana kwenye ncha za majani. Maji ya mfereji yanayotoka bwawa la Ndakaini hushuka na mito ya Aberdare na yana chumvi kidogo, lakini mgao nao tunaujua.

Kinga mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kinga inayofuata, funika pipa mbu wasizae. Lita 100 zitatosha makangaga mawili muda mrefu. Kama lazima utumie maji ya kisima, basi mara moja kwa mwezi suuza udongo: chungu cha lita 3 pitishia polepole lita 9 za maji mazuri uliyoyapata, yatoke yote kwa chini yasirudi. Unga wa pembeni usugue kwa brashi. Ncha zilizokwisha kauka zikate kwa mkasi ukiacha mstari mwembamba wa kahawia, maana ukikata sehemu ya kijani unafungua kidonda kipya.

Angalia pia mbolea, kwa sababu nayo ni chumvi. NPK 20:20:20 inayoyeyuka, gramu 1 kwa lita 2 za maji, kila wiki tatu au nne wakati wa mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwenye udongo uliokwisha loa. Kipindi cha baridi usitie kitu. DAP na CAN za shambani ziache shambani. Ni kali mno kwa chungu.

SWALI: Nimegeuza majani nikakuta vidoti vya kahawia chini yake, vingi sana. Nimepiga dawa ya wadudu mara mbili, vidoti vipo palepale na sasa majani yameungua. Nifanye nini? (Mama wa Donholm)

JIBU: Mama, acha dawa. Vidoti hivyo karibu hakika ni vifuko vya spora, na spora ndiyo mbegu ya kangaga, mmea usiotoa maua. Tazama mpangilio wake: vimekaa kwa safu, kwa umbali unaolingana, pande zote mbili za mshipa wa kati wa kila kijijani. Wadudu hawajipangi hivyo. Vidugamba hukaa ovyo, juu na chini ya jani na hata kwenye kikonyo. Ukikwangua kwa ukucha vinabanduka vizima na kuacha unyevu wa kunata. Vifuko vya spora vikikwanguliwa hutoa vumbi kavu.

Siku utakapopata wadudu wa kweli, iwe vidugamba au vile vyeupe vyenye ungaunga vinavyojificha kwenye maungio, anza kwa kukata majani yaliyoshambuliwa zaidi. Kisha tia sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, pangusa, na suuza baada ya nusu saa. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku mbili. Ngozi ya jani la kangaga ni nyembamba. Mafuta ya mwarobaini, spiriti na vipodozi vya kung'arisha majani vinaweza kuliunguza.

Watu kadhaa wameuliza kama wanaweza kupanda spora hizo. Kwa Boston, usijisumbue. Aina hii iligunduliwa mwaka 1894 katika shehena ya makangaga yaliyopelekwa Boston kutoka Philadelphia, na tangu hapo imeenezwa kwa kugawanywa, kwa sababu spora zake kwa kawaida hazioti. Kwa makangaga mengine inawezekana, ingawa inataka subira. Kata jani ambalo vifuko vimekolea kahawia, lifunge kwenye bahasha ya karatasi usiku mmoja au miwili, utapata vumbi laini. Chukua kopo angavu la chakula lenye kifuniko (vitabu vya nje husema mfuko wa plastiki, lakini ya kubebea tuliipiga marufuku 2017, na kopo linafaa zaidi), tia sentimita 3 za vumbi la makumbi, mwagia maji yanayochemka, funika hadi lipoe. Nyunyiza spora kidogo sana, usifukie, funika. Liweke penye mwanga bila jua. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani, kisha vijisahani vyenye umbo la moyo visivyozidi sentimita moja. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kutupa, wakidhani ni kuvu. Hiyo ni hatua halali ya maisha yake: mbegu ya kiume huogelea kwenye tone la maji kwenda kwa ya kike, kwa hiyo nyunyizia maji yaliyochemshwa na kupoa ili utando uwe na majimaji. Makangaga madogo huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita.

SWALI: Nyuzi ndefu zenye manyoya, zisizo na majani, zinatoka kwenye kangaga langu. Nizikate? (Kijana wa Umoja)

JIBU: Ukitaka miche, usizikate. Ni mashina yanayotambaa kutafuta udongo. Weka chungu kidogo pembeni, lazia uzi mmoja juu ya udongo wenye unyevu, ubane kwa waya uliokunjwa, uache umeungana na mama yake. Mche ukitoa majani matatu au manne, kata uzi. Zikizidi, punguza: zinakula nguvu za majani.

SWALI: Kangaga kiota langu, lile la majani mapana yanayotoka katikati, linaoza kutoka ndani. Na jirani ana lile la pembe lililopachikwa ubaoni. Jani la chini limekuwa la kahawia, anataka kulibandua. (Msomaji wa South B)

JIBU: La kiota limwagilie pembeni, kwenye udongo, kamwe si ndani ya kikombe cha katikati. Porini hukaa juu ya miti na hushika majani yanayoanguka, lakini huko hewa inapita. Sebuleni maji husimama. Usiguse majani machanga kwa vidole, hubaki na makovu.

Jirani yako mwambie aache hilo jani mahali pake. Kangaga pembe lina majani ya aina mbili: yale yanayochomoza na yale ya ngao, ambayo hukauka kwa asili yake na kufunika mizizi isipate upepo. Ukilibandua unaondoka na mizizi. Aina mojawapo, Platycerium alcicorne, kwao ni hapa hapa Afrika Mashariki na Madagaska. Maji lipewe kwa kuzamisha ubao mzima kwenye beseni dakika 10 hadi 15, mara moja kwa wiki kipindi cha jua, na kila siku kumi au zaidi wakati wa baridi. Ubao usiwe umepakwa dawa ya mchwa.

SWALI: Paka wetu anatafuna majani. Ni sumu? Na ni kweli kangaga husafisha hewa ya nyumba? (Dada wa Lang'ata)

JIBU: La Boston si sumu kwa paka wala mbwa, ingawa akila mengi anaweza kutapika. Ila hakikisha unalo la Boston. Kuna mmea wenye majani laini kama sindano na miiba midogo unaouzwa kwa jina hilohilo la feni, ambao si kangaga hata kidogo. Ni wa jamii ya asparaga, hutoa maua na matunda mekundu, na matunda hayo huumiza tumbo la paka. Huo uhamishe juu asikofika.

Kuhusu hewa, dai hilo lilienea kutokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa 2019 yalikadiria kwamba ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu ili kufikia kile ambacho hewa ya kawaida ya jengo tayari inafanya. Fungua dirisha, dada, na uhakikishe chungu hakikai pale upepo wa dirisha hilo unapopita moja kwa moja.